Alama za Njano za Kisoko

Jumatatu, 5 Agosti

Nimerudi kutoka Busia. Biashara ya miavuli imekufa. Tangu nifungue mzigo pale mpakani, haijanyesha hata tone. Nashuku yule mtu wa redio aliyetangaza mvua ana shemeji anayeuza kofia.

Nafika nyumbani Kisoko, naona nini? Alama ya njano! Iko kwenye jiwe kubwa la pembeni mwa shamba langu. Mstari mmoja, na kiduara juu yake. Nimegusa, kidole kimebaki njano. Mbele kidogo ipo nyingine, kwenye mti. Kisha nyingine kwenye kichuguu. Zimepangana kando ya njia kama siafu wanaohama.

Nimemuuliza mke wangu Taaka. Amejibu bila hata kuinua kichwa kwenye muhogo aliokuwa anamenya. Eti ni kazi ya mama mmoja Mjerumani anayeitwa Heike, mgeni wa parokia. Anatembea naye Ochwo. Eti kulikuwa na mkutano wa kijiji, chairmani mwenyewe akatoa ruhusa.

Mkutano! Mimi niko Busia, wao wanafanya mkutano. Taaka anasema alinipigia simu kuniambia, nikamjibu niko bize na miavuli. Inawezekana. Lakini kwa nini wachague wiki ile niliyokuwa bize?

Na kwa nini Ochwo? Ochwo ni jirani yangu, tulisoma darasa moja. Kazi yake ni kupandisha wageni juu ya Mwamba wa Tororo, wanashika ngazi za chuma, wanafika kileleni wanaambiwa kule ni Kenya, wanapiga picha, wanashuka. Ana kofia ya ukingo mpana. Mtu mwenye kofia ya namna ile anaficha kitu.

Jumanne, 6 Agosti

Nimewafuata. Nilijilaza kwenye shamba la muhogo tangu asubuhi, kimya kama chatu. Wamepita. Mama Heike ana nywele nyeupe fupi, buti nzito, na fimbo. Anaigonga fimbo kwenye mawe. Tok, tok. Anasimama, anaangalia jua, anaangalia simu, anamwonyesha Ochwo jiwe. Ochwo anachovya brashi kwenye kopo la rangi. Alama! Wanacheka. Wanaendelea.

Ningeona mengi zaidi lakini siafu waliniingia surualini. Nimetoka kwenye muhogo nikiruka na kupiga kelele, na kwa hiyo tumesalimiana.

Mama Heike anajua Kiswahili. Alijifunza Tanga akiwa msichana, na kimenyooka kuliko changu. Hilo peke yake linatosha kumshuku. Mtu asiye na shida hajifunzi lugha za watu.

Ochwo akamwambia kuwa mimi ni jirani yake, Othieno, mtu wa biashara. Amelisema neno biashara huku akikaza midomo.

Nikauliza wanafanya nini. Mama Heike akafurahi, akatoa simu, akanionyesha picha za kwao. Mlima wenye msitu mweusi. Ziwa safi, watoto wanaogelea. Ngome ya mawe juu ya jabali. Mashamba ya mizabibu. Bonde lenye mto, na daraja la kamba watu wanavuka wakicheka. Yote hayo, anasema, katika mkoa mmoja. Asubuhi uko mlimani, mchana ziwani, jioni unakula keki ya matunda chini ya ngome. Na kila mahali wamepaka vialama, ili mgeni atembee peke yake bila kupotea. Yeye alikuwa anapeleka barua, sasa amestaafu, na kazi yake ya kujitolea ni kupaka hivyo vialama. Ameona Tororo ina mwamba, Kisoko ina vilima na mashamba mazuri, mbona hakuna njia ya wageni? Jumamosi watu watatembea kutoka mwambani mpaka huku.

Nimemsikiliza kwa heshima. Kisha nimerudi nyumbani nikafikiri.

Kwao kuna mlima. Kuna ziwa. Kuna ngome na keki. Halafu anaacha vyote hivyo, anapanda ndege, anakuja kugonga mawe ya Kisoko? Bure?

Kule Tiira, upande wa Busia, watu wanachimba dhahabu. Kila mtu anajua. Dhahabu haijui mpaka wa wilaya. Nani amesema iliishia Tiira?

Nimemwambia Taaka. Ameniuliza kama siafu wamenifika kichwani.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeanza kuchimba. Alama ya kwanza, ile ya jiwe langu. Nimechimba mpaka kifuani. Nimepata kijiko, mzizi, na kijiko kingine.

Nikawaza. Alama za mawe ni za kupotosha. Za kweli ni za miti. Nikahamia kwenye mti ule ulio karibu na njia panda. Udongo ni laini pale, shimo lilitoka zuri sana, pana, limesimama wima. Dhahabu hakuna. Bado.

Nikiwa ndani nikasikia kwato. Mzee Olupot alikuwa anapitisha ng'ombe wake. Akachungulia. Akauliza, "Wewe Othieno, unafanya nini humo?"

Nikasema nachimba choo.

"Choo? Katikati ya njia?"

Nikasema ni choo cha umma.

Akatikisa kichwa polepole, akaenda. Nilidhani nimeponea.

Alasiri chairmani wa kijiji amekuja nyumbani amevaa koti. Koti! Amenishika mikono yote miwili. Anasema Mzee Olupot amemweleza. Anasema kijiji kizima kilikuwa kinajiuliza wageni wa Jumamosi watajisaidia wapi, na hakuna aliyejitokeza, na kumbe Othieno, ambaye watu wanamsema vibaya, amechukua sururu peke yake bila kuombwa. Akauliza nani anamsema vibaya, akajijibu mwenyewe kwamba si vizuri kutaja majina. Kisha akauliza choo kitakamilika lini.

Nimesema Ijumaa. Sijui kwa nini nimesema Ijumaa.

Taaka alikuwa mlangoni akisikiliza. Amesubiri chairmani aondoke, akasema, "Baba Daphine, choo?" Kisha akaenda jikoni. Nilisikia anacheka na sufuria.

Alhamisi, 8 Agosti

Ochwo amekuja na miti, mabati, na misumari. Vya kujengea choo. Ni mabaki ya banda lake la kuku, anasema, nisimshukuru. Amebaki kunisaidia kusimamisha nguzo. Amefanya kazi mpaka shati likalowa. Hakuuliza swali hata moja!

Mtu asiye na siri huuliza maswali.

Mama Heike naye amekuja. Amelitazama shimo, machozi yakamlengalenga. Anasema hata kwao, pamoja na ngome zote, vyoo vya njiani ni haba, watu wanaingia msituni. Amenipa mkono. Mkono una nguvu kama wa mpiga kasia. Nikamtazama machoni kwa muda mrefu ili ajue kwamba najua. Akaniuliza kama vumbi limeniingia jichoni, akanipa maji ya kunawa.

Lakini leo nimegundua jambo kubwa. Nimezifuata alama zote mpaka mwisho. Hazionyeshi mahali pa kuchimba! Zinaonyesha njia ya kuelekea mahali pa kuchimba. Na alama ya mwisho iko wapi? Kwenye lango la Ochwo!

Sasa kila kitu kinaeleweka. Atawaleta watu Jumamosi mpaka uani kwake, atawapa soda, watasahau. Kisha atabaki na mama Heike, na sururu, na utajiri wote wa Kisoko. Mimi nimejengewa choo ili ninyamaze.

Mke wa Ochwo, Apendi, ameonekana sokoni akinunua mchele mwingi. Wanasherehekea kabla hata ya kuchimba.

Lakini mimi ni mtu wa biashara ya mpakani Busia. Mpaka ukihamishwa, mali inahama nao.

Ijumaa, 9 Agosti

Kazi imefanyika! Watu wote walikuwa kwenye mazishi upande wa Mulanda. Mimi nilimwambia Taaka tumbo linauma.

Nilipata rangi kwa fundi wa vibao vya maduka pale senta. Si njano ile ile, hii inaelekea rangi ya papai lililoiva, lakini ukiwa mbali huoni tofauti. Kuanzia njia panda nimefunika alama zote za Ochwo kwa tope. Kisha nimepaka zangu. Zinazunguka mtaro, zinapita nyuma ya shamba la mihogo, zinavuka kichuguu, na zinaishia wapi? Kwangu! Wataalamu wakija na mashine zao za kupima dhahabu, wataanzia kwangu.

Matatizo mawili madogo. La kwanza: fahali wa Mzee Olupot alikuja kujikuna kwenye mti niliokuwa nimetoka kuupaka. Ameondoka na alama kubwa nzuri ubavuni. Nilijaribu kumfuta kwa majani. Hakupenda.

La pili: lile shimo la kwanza, la kwenye jiwe. Chairmani akiliona atataka choo cha pili. Nimelifunika kwa matawi na nyasi. Huwezi kujua kama kuna shimo. Nimepita karibu mwenyewe nikasahau liko wapi.

Taaka amerudi kutoka mazishini akauliza tumbo. Nikasema limepoa. Akauliza ni tumbo gani linalopaka papai kwenye viatu.

Jumamosi, 10 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Walitoka mwambani asubuhi. Watu wengi! Kwaya ya parokia, walimu, wageni kutoka Tororo mjini, mama Heike mbele na fimbo yake, Ochwo na kofia. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya paa la choo cha umma natazama.

Njia panda wamesimama. Ochwo anakuna kichwa. Alama zinasema kushoto, yeye anakumbuka kulia. Mama Heike akasema alama ni alama, labda wamesahau. Wakakata kushoto!

Lakini chairmani, aliyekuwa nyuma na kundi la walimu, akaona alama nyingine mbali, kwenye nyasi. Kubwa kuliko zote. Akawaambia hiyo ndiyo njia kuu. Wakaifuata. Wakavuka uwanja. Wakashuka bondeni. Wameifuata alama ile mpaka kwenye tope, ndipo ikageuza kichwa na kuwatazama, mdomo umejaa majani.

Waliobaki wakafika kwangu. Taaka alikuwa uani amefunga khanga moja kifuani, anaanika unga wa muhogo kwenye turubai. Ghafla kwaya nzima! Wanasimama wanamtazama. Yeye anawatazama. Mwalimu wa kwaya akasema, "Hodi, mama, tumefika?" Taaka akauliza wamefika wapi.

Ndipo Ochwo akasema anarudi nyuma kuangalia palipoharibika. Akakimbia kwa njia ya mkato, akipitia kwenye jiwe langu.

Nilimwona. Nilikuwa juu ya paa, nilimwona vizuri kabisa. Nikafungua mdomo. Nikajiambia, ukipiga kelele watajua. Nikaendelea kuufungua mdomo tu. Kisha kofia ikabaki hewani na Ochwo hayupo.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nimejikuta ndani ya shimo. Ochwo amekaa chini, uso umekuwa kama jivu, mguu umekunjika vibaya. Halii. Anapumua tu.

Nikamwambia nishike shingo. Akanishika. Akasema, karibu na sikio langu, "Othieno, hii rangi ya papai ni yako."

Nikasema rangi gani.

"Nimeiona tangu njia panda."

"Kwa nini umeifuata, kama umeiona?"

"Mama Heike alikuwa anaifurahia. Nikasema labda na wewe unataka wageni wapite kwako. Ungeniambia tu, ndugu. Tungeipitisha."

Nikamwinua, nikampandisha, nikambeba mgongoni mpaka barabarani. Ochwo ni mzito. Njiani alinishika shingo kwa nguvu kila nilipoyumba.

Watu walituona tukija. Wakapiga vigelegele! Othieno amemwokoa Ochwo! Mama Heike alinikumbatia. Wamempakia Ochwo kwenye gari la mwalimu, wamempeleka hospitali Tororo.

Huku nyuma watu wana njaa. Chakula kilikuwa kwa Ochwo, ng'ambo ya njia panda. Apendi alikuwa amepika mchele tangu alfajiri, akisubiri watu wasiofika. Ameuleta mwenyewe, sufuria kichwani, na binti zake nyuma na mboga, halafu akaondoka kumfuata mumewe hospitali bila hata kukaa. Taaka akavaa gauni, akatoa viazi vitamu, akatoa samaki waliokaushwa aliotumiwa na mama yake kutoka Majanji, ziwani, ambao mimi nilikatazwa kuwagusa tangu Julai. Watu wamekula, wamesifu. Chairmani alifika mwisho, ana tope mpaka kiunoni. Wamesema mahali pazuri pa kupumzikia ni hapa.

Kila mtu amenipongeza isipokuwa mmoja. Walipoondoka, Taaka akasema, "Baba Daphine, nionyeshe mikono."

Nimeionyesha. Akaitazama kucha moja moja.

"Apendi amemkimbilia mumewe na mikono ya masizi," akasema. Basi. Amelala na binti yetu Daphine chumba cha pili.

Jumapili, 11 Agosti

Padri amenitaja kanisani. Jirani mwema. Watu waligeuka kunitazama. Nilijaribu kukaa kama mtu mwema anavyokaa. Taaka aliangalia mbele tu.

Baada ya misa nimekwenda kwa Ochwo na jogoo. Mguu uko kwenye plasta mpaka gotini. Daktari amesema hatapanda mwamba mpaka mvua ziishe. Apendi ameniletea chai, amenishukuru kwa kumbeba mume wake. Amenishukuru kwa sauti ya kweli. Nilikaa na chai mdomoni mpaka alipotoka.

Nikamwambia Ochwo, ile habari ya rangi...

Akainua mkono. Akasema hajamwambia mtu na hatamwambia. Anataka mambo mawili. Kwanza, nifukie lile shimo. Pili, wageni waliokwisha kuahidiwa wanakuja, na yeye hawezi kusimama. Anaomba niwapandishe mwambani badala yake mpaka apone, ili jina lisipotee. Akachukua kofia kwenye msumari ukutani, akanipa.

Nimetoka pale macho yananiwasha. Nimetembea nusu ya njia nikijiambia, Othieno, yule ni mtu mzuri, na wewe ulikuwa juu ya paa.

Nusu ya pili nimejiuliza: kwa nini ananipa kazi yake? Mtu aliyeangushwa shimoni hampi mtu kofia hivihivi. Hapa kuna kitu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimefukia shimo. Taaka alisimama pembeni mikono kiunoni mpaka udongo ukasawazika. Kisha akaniambia nirudie kupasawazisha.

Mama Heike ameondoka. Alipita kuaga. Alama zangu ameziacha! Anasema njia mpya ni nzuri kuliko ya zamani, inapita kichuguu, ina samaki mwishoni. Amezipaka upya kwa njano sahihi. Amemwomba Taaka awe mwenyeji wa wageni wa chakula, pamoja na Apendi, na wanawake hao wawili wamekubaliana pale pale, wakicheka, bila kuniuliza mimi mwenye boma. Amekwenda na mkoba mmoja mdogo. Nimeubeba mwenyewe mpaka kwenye pikipiki ya boda ili nipime uzito. Mwepesi. Nguo tu.

Basi dhahabu haipo. Nakiri. Nilikosea kuhusu dhahabu. Nimemwambia Taaka kwamba nimebadilika, kuanzia leo ni kazi ya wageni tu, kwa moyo safi. Akanipa kichwa cha samaki.

Alhamisi, 15 Agosti

Wageni wangu wa kwanza! Mume na mke, kutoka ng'ambo. Nilivaa kofia. Nikawaonyesha mwamba. Wakasema mzuri, asante, lakini wao wanataka kinamasi cha Mulanda. Kufanya nini? Kuangalia ndege.

Ndege!

Nimewapeleka. Wana darubini shingoni, kila mmoja yake. Wamechuchumaa kwenye mafunjo tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Hawazungumzi, wananong'ona. Ninapokohoa wananitazama vibaya. Mbele yetu amesimama korongo mmoja mwenye taji. Amesimama pale pale, muda wote, haendi popote. Nikataka kusogea nimwone vizuri. Mke akanishika mkono haraka, akanong'ona nisikanyage pale.

Pale!

Nikauliza kwa nini, kama mtu asiyejali. Akasema kuna mayai.

Nikasema ndiyo, mama. Mayai. Bila shaka.

Hakuna mtu mzima anayevuka bahari kwa ajili ya mayai ambayo hata hatayala. Korongo halindi mayai. Korongo amewekwa. Na mume alikuwa akipiga picha za mahali pale kila mara, kutoka kila upande, kama mtu anayepima kiwanja.

Kesho asubuhi wanarudi Kampala. Kinamasi kitabaki wazi. Nimeshaazima buti za mpira kwa Mzee Olupot, na jembe la mpini mfupi. Nimemwambia nakwenda kuvua kambare. Taaka pia nimemwambia kambare.

Ameuliza kambare gani, wakati huu wa mwaka, kwa jembe.

Huyu mwanamke ameanza kuuliza maswali mengi sana. Nani amemtuma?